Siku ya kazi mfanyakazi, siku ya barua volontia

Tuliitwa kwenye semina pale Base Camp. Tukakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, tukapewa soda na daftari, tukasaini karatasi ya mahudhurio kama kawaida. Mada: jinsi ya kuepuka makosa unapoomba ukaazi wa kudumu Kanada kama mfanyakazi mwenye ujuzi. Mtoa mada alikuwa mtu mzuri, hatuna neno naye. Akahesabu makosa yetu: mnachelewa, mnajaza fomu ovyo, mnaamini madalali, hamsomi maelekezo. Tukaandika yote.

Kisha mwenzetu mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, na barua ya kazi mnayotupa ninyi, yenyewe haina makosa?" Watu wakacheka. Mtoa mada naye akacheka, akasema hilo ni swali la ofisi nyingine.

Sisi tunasema hilo ndilo lilikuwa swali la siku nzima, na kwa kuwa ofisi nyingine haikuwepo, tutaliuliza hapa.

Sheria ya Kanada kwa wafanyakazi wenye ujuzi haifichwi, iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao. Unatakiwa uwe umefanya kazi ya ujuzi mwaka mmoja mfululizo, saa 30 kwa wiki, yaani saa 1,560 kwa jumla, ndani ya miaka 10 iliyopita. Na iwe kazi ya kulipwa. Kujitolea hakuhesabiwi. Unaweza kujitolea miaka 20, ukabarikiwa na Mungu na majirani, lakini kwenye mfumo wa Express Entry huo ni sifuri.

Sasa njoo Nakivale. Dada mmoja wa kwetu, tunamjua vizuri, amefanya ukalimani kwenye kituo cha afya zaidi ya miaka 3. Kiswahili, Kinyarwanda, Kifaransa, Kiingereza. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, na usiku anapigiwa simu mama akishikwa na uchungu na mkunga hasikii lugha yake. Akichelewa anaulizwa. Akikosa siku, anakatwa. Kila mwezi anasaini orodha ya malipo na pesa inaingia kwenye simu. Wanaita motisha. Ni ndogo, hailingani na mshahara wa Mganda anayekaa naye meza moja, lakini inalipwa kwa kazi.

Alipoomba barua akapewa mistari mitatu. Inasema amekuwa "volontia" mwenye moyo na nidhamu, na shirika linamtakia kila la heri. Hakuna saa, wala kiasi cha malipo, wala maelezo ya alichokuwa akikifanya, na hata tarehe ya kuanza haipo.

Jamani. Mtu anayekatwa pesa akikosa siku ni volontia wa aina gani?

Katika orodha ya kazi ya Kanada, wakalimani wana namba yao, 51114, na wako ngazi ya TEER 1, pamoja na kazi ambazo kwa kawaida zinadai digrii. Kazi ya huyu dada ina thamani kule. Barua yake ndiyo imeiondolea thamani. Afisa anayesoma faili lake yuko mbali, hajawahi kuona foleni ya kituo chetu, yeye anasoma karatasi tu. Karatasi ikisema alijitolea, amejitolea. Hata ule mpango wa majaribio ulioanza 2018 na kuwachukua wakimbizi wenye ujuzi kutoka Kenya, Jordan na Lebanon haukuondoa haja ya kuthibitisha kazi.

Tunajua mtatujibu nini, maana tumeshajibiwa. Kwamba wafadhili hawaruhusu kutuita waajiriwa. Kwamba mkiandika "mfanyakazi" mtadaiwa likizo, bima na akiba ya uzeeni. Sawa, hayo ni mabishano yenu na wafadhili na sheria ya kazi, nasi tuna maoni yetu juu yake siku nyingine. Leo hatuombi cheo. Andikeni kilichotokea. Alianza lini, aliishia lini au bado anaendelea. Saa ngapi kwa wiki. Alilipwa kiasi gani kwa mwezi. Alifanya kazi gani hasa, kwa maneno yenu wenyewe. Karatasi yenye nembo, sahihi, jina la msimamizi na simu inayopokelewa. Kama mnalazimika kuandika neno motisha, andikeni, lakini wekeni na kiasi chake. Afisa ataamua kama hayo ni malipo ya kazi au siyo, ila awe na kitu cha kupima. Hii ni nusu saa ya kazi ya mtu mmoja mwenye kompyuta.

Na msiseme ni jambo dogo. Matokeo ya mtihani wa lugha yanaishi miaka 2 tu. Tathmini ya vyeti, miaka 5. Ukialikwa kuomba, una siku 60 kuleta kila kitu. Mtu anauza mbuzi na kukopa ili afanye mtihani Kampala, halafu barua inalala kwenye meza miezi minane kwa sababu meneja yuko likizo, au mradi umefungwa na faili zimepelekwa hakuna anayejua wapi. Kuchelewa huko kwenye semina hakukutajwa.

Tusijifanye malaika lakini. Na sisi tuna yetu.

Barua halali ikikataliwa, wapo wanaoenda kwenye kibanda cha fotokopi na kurudi na barua nzuri yenye nembo, muhuri na mshahara wa ndoto. Tunawajua, na wao wanajua kwamba tunawajua. Kanada ikigundua umedanganya au umeficha jambo la maana, unafungiwa miaka 5. Na wanapiga simu kuuliza. Ubaya zaidi, barua moja ya uongo kutoka kambi hii inaifanya ya kweli inayofuata itazamwe kwa jicho la pembeni. Wewe uliyeinunua umetumia jina letu sote.

Lingine ni familia. Kijana anajaza kwamba ni seja, hana mtoto, kwa sababu mtoto yuko Bukavu kwa bibi yake, au mama wa mtoto hawakufunga ndoa, au anaona faili litakuwa jepesi. Ndugu yetu, usiyemtaja leo, kesho huwezi kumleta. Kanada inataka mwenzi na watoto wako wote watajwe na wapimwe, hata wasiosafiri nawe. Ukimwacha nje ya fomu, kwa kanuni unakuwa umemfungia mlango wa kumdhamini kama familia. Na kama mtoto alipotea vitani na hujui aliko, mtaje hivyo hivyo, andika kwamba hujui aliko. Inauma kuandika. Andika.

Majina ni hadithi yetu ya kila siku. Kongo tulipewa majina matatu, huku wakati wa kuandikishwa mtu akaandika mawili kwa jinsi alivyosikia, na wengi wetu tulizaliwa Januari 1 bila mama zetu kujua. Diploma ya serikali inasema hivi, kitambulisho cha mkimbizi kinasema vile. Usikarabati diploma kwa kalamu! Omba marekebisho mapema kwenye ofisi ya usajili, na wakikuzungusha, ambatanisha barua ya maelezo. Tofauti iliyoelezwa ina nafasi ya kueleweka. Iliyofutwa kwa kalamu itaitwa udanganyifu.

Tena hili linatushangaza: sisi tuliosoma Kongo na Burundi kwa Kifaransa tunakimbilia mtihani wa Kiingereza peke yake, kwa sababu Uganda ni Kiingereza. Tangu 2023 Kanada imekuwa ikialika wajuao Kifaransa katika mizunguko yao maalumu, na alama za kualikwa humo zimekuwa chini kuliko za mizunguko ya jumla. Wanataka kiwango cha 7 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Lugha tuliyochapwa viboko kwa ajili yake shuleni, leo ingetusaidia, nasi tumeiacha ikae na vumbi. Semina ile haikugusa Kifaransa hata kwa sentensi moja.

Madalali tuwapitie haraka. Anayeruhusiwa kulipwa kukuwakilisha ni mwanasheria au mshauri mwenye leseni ya Kanada, na majina yao yanatafutika mtandaoni bure. Anayekuahidi "nafasi ya uhakika" hayumo.

Basi, kwa mashirika yanayofanya kazi hapa: kabla ya semina ijayo, fungueni kabati la faili. Kila mtu aliyewahi kusaini orodha yenu ya malipo apewe barua kamili siku anapomaliza, bila kuomba na bila kupiga magoti. Wale mliofunga miradi yao, tafuteni orodha za zamani. Mlizitumia kumwonyesha mfadhili hesabu, hivyo zipo mahali.

Barua mpya ya yule dada iliombwa mwezi wa nane. Alipokwenda juzi kuuliza, aliambiwa msimamizi yuko kwenye mkutano. Matokeo yake ya mtihani yanaisha mwezi wa pili.