Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa

Kuna tabia moja iliyoota mizizi miongoni mwetu, nayo ni ile ya kukienzi kitu siku ya kukinunua na kukisahau siku ya pili. Jengo jipya huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, ilhali hakuna anayealikwa kushuhudia mtu akizibua mifereji ya paa lake miaka kumi baadaye. Wahenga waliitambua kasoro hii waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Wahenga hao hao walituachia na dawa yake: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Nia yangu leo ni kuitetea methali hii ya pili, na shahidi nitakayemwita ni gari kuukuu la spoti.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lililozinduliwa mwaka 1969 na ambalo uundaji wake ulikoma mwaka 1973. Lina viti viwili, boneti ndefu, na injini ya silinda sita zilizopangwa katika mstari mmoja, zenye ujazo wa sentimita 2,393. Kwetu sisi hili si gari geni. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na mwelekezi wake, Hans Schüller, walishinda mbio za Safari wakiwa ndani ya 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, akielekezwa na Lofty Drews, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo, kabla ya kunyakua ushindi mara nne mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Gari lililoshinda mwaka 1971 liko Japani, ambako kampuni ya Nissan imelikarabati na kulihifadhi. Hapa nchini, machache yaliyosalia yamo mikononi mwa watu binafsi. Moja, la mwaka 1972, ninalo mimi.

Hapana shaka msomaji atauliza: mwalimu wa isimu ana nini na gari la kale? Jibu limo katika matunzo yake.

Kulitunza gari la umri huu si kulipeleka gereji mara moja kwa mwaka. Ni ada ya kila siku, na ada hiyo huanza kabla ya ufunguo kutiwa. Unafunua boneti, unachomoa kijiti cha oili, unakipangusa, unakirudisha, unakitoa tena na kusoma kiwango. Unaangalia maji ya rejeta injini ikiwa ingali baridi, kwani kufungua rejeta iliyochemka ni kujitakia kuungua. Unaangalia mafuta ya breki, unashika vichwa vya beteri kuona kama vimelegea, kisha unainama kutazama sakafu pale gari lilipolala. Tone jeusi ni oili. Tone jingine huenda likawa la maji au la breki. Na kila tone lina ujumbe wake. Shughuli nzima haizidi dakika kumi.

Adui mkubwa kuliko wote ni kutu. Bati la magari haya huliwa hasa chini ya milango, sakafuni, na chini ya beteri ambako asidi hudondoka. Baada ya mvua, mwenye gari mwangalifu huzibua vijitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango. Kijitundu kimoja kikizibwa na matope, maji hulala humo na bati huliwa kutoka ndani bila mtu kuona, hadi siku ile kidole kinapopenya. Hapo gharama huwa si ya kitambaa na kijiti tena, bali ya kukata na kuchomelea. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Utamu wa kazi, hata hivyo, umo katika kabureta. Gari hili lina kabureta mbili, kila moja ikilisha silinda tatu. Zisipovuta hewa kwa kiasi kimoja, injini hutetema na kukohoa. Vipo vipimo vya kununua, lakini mafundi wa zamani hutumia kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, ya pili kwenye mdomo wa kabureta. Husikiliza mvumo wa hewa, wakageuza skrubu kidogo kidogo, mpaka sauti mbili zilingane. Kisha kuna suala la mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta haina kompyuta ya kulitambua hilo. Kwa hiyo fundi huipunguzia petroli ili ilingane na hewa haba. Ukiteremka Mombasa bila kurekebisha, hewa nzito ya pwani huifanya petroli iwe kidogo mno, na injini huweza kupata joto na kugonga. Katika jambo hili moja mwanafunzi anajifunza shinikizo la hewa, mwako na uwiano, tena kwa masikio yake mwenyewe.

Hesabu nazo zimo. Nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa moto: milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na milimita 0.30 kwa zile za kutoa moshi. Nafasi ya pointi zinazoongoza cheche ni kati ya milimita 0.45 na 0.55. Kadiri pointi zinavyochakaa, nafasi hiyo hupungua, cheche zikachelewa na nguvu za gari zikafifia. Vipimo hivi havikubali kukisiwa, wala havikubali kuachiwa kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo maana kila gari kuukuu linalodumu huwa na daftari lake la tarehe, kilomita, na kilichobadilishwa.

Je, starehe iko wapi katika taabu yote hii? Imo ndani ya taabu hiyo hiyo. Jumapili alfajiri, ukilishusha gari hili polepole katika mteremko wa Mai Mahiu, gia ya chini ikilizuia ili breki zisichoke, unausikia mlio wa silinda sita na kutambua kila sauti ilikotoka. Usukani hauna mashine ya kuusaidia, kwa hiyo barabara yenyewe huzungumza na viganja vyako. Magari mengi ya leo yatakupita bila jasho. Lakini anayelipita gari lako hawezi kukunyang'anya furaha ya kujua kwamba linakwenda kwa sababu jana wewe mwenyewe ulilitengeneza likaenda.

Hapa ndipo taaluma yangu inapoingia. Katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo wengi wangali wakiiita Grogan, mafundi wa makabila mbalimbali wamejenga lugha moja ya kazi. Wamekopa majina: plagi, gia, kluchi, spana, gaskiti. Hata neno gari lenyewe lilitujia kutoka Bara Hindi. Ama vitenzi, aghalabu ni vyetu wenyewe. Injini hukohoa, beringi hulia, kluchi huteleza, breki hushika, nati hukazwa na kulegezwa, gari hunywa petroli. Fundi humweleza mwenzake ugonjwa wa injini kama tabibu amwelezavyo mwenzake ugonjwa wa mtu, na huelewana mara moja. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mwanafunzi wa ufundi wa magari husoma na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha huenda kutafuta riziki kwa Kiswahili. Wanaodai kwamba lugha yetu haiwezi kubeba sayansi hawajawahi kusimama kando ya boneti iliyo wazi.

Nakiri kwamba zipo hoja za upande wa pili. Gari la zamani hutoa moshi mchafu zaidi kuliko gari jipya. Halina mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, na spea zake ni adimu na ghali. Simshauri mwalimu mwenye mkopo wa benki akimbilie kununua gari la spoti. Wala sisemi kwamba kila kikuukuu ni chema. Breki zilizooza ni jeneza, hata gari liwe na historia gani. Ninachosema ni kwamba gari hili limedumu zaidi ya nusu karne kwa sababu moja tu: kila zama palikuwa na mtu aliyejua la kufanya na akalifanya kwa wakati wake. Basi la shule halihitaji chochote zaidi ya hicho, wala pampu ya maji, wala paa la maktaba.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila shule yenye karakana itafute gari moja kuukuu la kabureta. Si lazima liwe la spoti. Peugeot 504 iliyostaafu yatosha. Mtaala wa umilisi unasisitiza kutenda, na hakuna kutenda kunakozidi kuifungua injini, kuifunga na kuisikia ikiwaka. Pili, shule imwalike fundi mzee na imlipe kama inavyomlipa mgeni mwingine yeyote wa kitaaluma, hata kama hana cheti. Tatu, wanafunzi wa Kiswahili waende na daftari waandike kila neno analolitumia: jina la kifaa, kitenzi chake, na mfano wa sentensi. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wasimame pamoja mbele ya boneti moja, na matokeo yake yatakuwa kamusi ndogo ambayo shule inaweza kuipitisha kwa shule nyingine.

Shughuli hii haiwezi kungoja tume wala warsha. Aliyekuwa fundi chipukizi wa miaka 20 wakati Herrmann aliposhinda mwaka 1971, leo amepita miaka 70. Anayoyajua hayamo katika kitabu chochote ambacho mwanafunzi anaweza kuazima. Yamo masikioni na viganjani mwake. Mwalimu, mtafute muhula huu. Nawe mwanafunzi, nenda na kalamu.