Ufadhili wa Masomo Si Taji la Mtu Mmoja

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, wafadhili huwatafuta «viongozi wa kesho» ili wawalipie masomo ya chuo kikuu. Nia hiyo tunaisifu. Namna ya kupima stahili ndiyo tunayoikataa.

Aliyepata asilimia 80 akiwa na taa, vitabu na mwalimu wa nyumbani amefanya vema. Aliyepata 65 huku akichota maji alfajiri na kuuza makaa jioni ametoka mbali zaidi. Mbona karatasi humwona wa kwanza tu?

Na uongozi je? Wengi huhesabu vyeo. Lakini cheo hupewa mtu. Utumishi huonekana kwa matendo. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alisomea sheria Goma. Mwaka 2007 aliuawa kwa kuwa alikataa rushwa, asiruhusu vyakula vilivyoharibika viwafikie watu. Elimu yake iliwalinda asiowajua. Hiyo ndiyo stahili.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. Vigezo na majina ya waliochaguliwa vibandikwe hadharani. Barua ya pendekezo itoke kwa jumuiya inayomfahamu kijana, si kwa mjomba mwenye ofisi. Tena anayefadhiliwa awafundishe wadogo zake wa parokia wakati wa likizo.

Nanyi mnaoomba, kumbukeni: talanta haikutolewa ili izikwe, wala ili ipambwe. Mkiipokea, ipokeeni kama deni kwa wale waliobaki.