Aliyebaki na mtoto asiteswe kwa ajili ya aliyeondoka

Kila shule zinapokaribia kufungwa Desemba, katika afisi ya wakili ninakofanya kazi hapa Mombasa huja mzazi ambaye tiketi amekwisha kulipia, pasipoti ya mtoto anayo, na safari ni wiki hiyo hiyo. Ndiyo kwanza ameambiwa kwamba atahitaji idhini ya mzazi mwenzake. Mimi ndiye huchapa hati za kiapo zenye idhini hiyo. Isitoshe, binti yangu nimemlea peke yangu. Kwa hivyo nasema kwa ninayoyaona kazini na ninayoyajua nyumbani: masharti haya yana maana, lakini mzazi anayelea peke yake ameachwa ajitafutie njia mwenyewe.

Maana yake ni kumlinda mtoto. Wapo wanaogombana na wenzao kisha wakavuka mpaka na mtoto, na aliyeachwa akabaki akihangaika miaka na mahakama za nchi za watu. Ndiyo sababu ya kuwapo Mkataba wa Hague wa 1980 kuhusu utekaji wa watoto. Afrika Kusini, ambako Wakenya tumeruhusiwa kuingia bila viza tangu Januari 2023, ilianza Juni 2015 kudai cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi pamoja na kiapo cha mzazi asiyesafiri. Novemba 2019 iliwalegezea watoto wa kigeni, ila afisa bado anaweza kuziomba karatasi hizo. Hata kwetu, Katiba katika kifungu cha 53 inawapa baba na mama wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la, na Sheria ya Watoto ya 2022 inasisitiza hivyo hivyo.

Kwa wengi, dawa ni kujiandaa mapema. Aliyefiwa abebe cheti cha kifo pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Aliyeachana na mwenzake aisome amri ya mahakama neno kwa neno, kwa kuwa amri ya kuishi na mtoto huenda isitaje lolote kuhusu kumtoa nchini. Mama ambaye jina lake la ukoo si la mtoto asiondoke bila cheti cha kuzaliwa. Uingereza, kwa mfano, maafisa wanaweza kumuuliza mama huyo ana uhusiano gani na mtoto. Na ikiwa mwenzako amekubali, kiapo chake kitaje jina na nambari ya pasipoti ya mtoto, nchi mnayokwenda, tarehe za kwenda na kurudi, na simu anayopatikana. Kiambatanishwe na nakala ya kitambulisho chake. Akiwa kazini Doha au Riyadh, aende ubalozi wa Kenya akaapie huko. Picha ya barua iliyotumwa kwa simu haitoshi.

Anayenisikitisha ni mwanamke ambaye baba wa mtoto hajulikani aliko. Zamani, mtoto wa wasiooana aliweza kupewa cheti chenye alama za X mahali pa jina la baba, mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha sheria kilichohusika mwaka 2016. Hukumu ile niliifurahia, kwa sababu mtoto ana haki ya kujua alikotoka. Lakini jina likishaandikwa, afisa wa mpakani ana haki ya kuuliza mwenye jina yuko wapi. Mama aliyelipa karo na kukesha hospitalini anaanza kuzunguka: barua ya chifu, kiapo chake mwenyewe, kisha kupiga simu kwa mashemeji wasiopokea. Baadhi huishia kumbembeleza mtu aliyewatelekeza, naye akatia saini kwa kulipwa. Huko si kumlinda mtoto tena. Ni kumpa aliyekimbia jukumu silaha ya kumwadhibu aliyelibeba.

Naiomba serikali mambo mawili. Kwanza, iweke katika tovuti yake ya eCitizen fomu moja ya idhini ya safari, ambayo mzazi atajaza popote alipo, atambuliwe kwa kitambulisho chake, na afisa wa uwanja wa ndege aweze kuihakiki papo hapo. Pili, Mahakama za Watoto, kama hii yetu ya Tononoka, ziwe na njia fupi na nafuu kwa mzazi anayeweza kuonyesha kwamba mwenzake ametafutwa na hakupatikana. Apewe amri ya kusafiri na mtoto itakayodumu miaka kadhaa, asije akaomba upya kila likizo.

Wapo watakaosema hilo litawafungulia mlango wezi wa watoto. Sikubali. Leo mlango uko wazi kwa yeyote awezaye kughushi saini na muhuri. Idhini inayohakikiwa na amri ya hakimu aliyesikiliza ushahidi zitamlinda mtoto kuliko karatasi tunazozichapa kwa pupa usiku wa kuamkia safari.

Mzazi mwenzangu, ulizia masharti ya nchi unayokwenda, na ya shirika la ndege, kabla ya kulipa nauli. Nanyi wabunge mnaosema mnawatetea akina mama, chukueni hoja hii muipeleke Bungeni. Mtoto anayelelewa na mzazi mmoja ana haki ya kwenda kumwona nyanya yake ng'ambo kama mtoto mwingine yeyote.