Ruzuku ya mitambo pekee haitamponya mgonjwa wa mashambani

KILA ruzuku ya kununulia mitambo ya kuwaunganisha wagonjwa wa mashambani na madaktari wa mijini inapotangazwa, sherehe huwa kubwa. Utepe hukatwa, picha hupigwa na hotuba hutolewa. Mwaka mmoja baadaye ni nadra kumpata anayerudi kuuliza kama mitambo hiyo ingali inafanya kazi. Hapo ndipo tunapokosea.

Si kwamba teknolojia hii haina maana. La hasha! Daktari wa magonjwa ya ngozi aliye Nairobi anaweza kutazama picha ya kidonda cha mgonjwa aliye Marsabit na kumshauri tabibu wa huko jinsi ya kukitibu. Wewe msomaji uishiye mjini unajua faida yake, kwani nauli, malazi na mchango wa kulipa hospitali humwangukia jamaa mwenye mshahara.

Itakumbukwa kuwa mnamo Mei 2015 serikali, ikishirikiana na kampuni ya dawa ya Merck, ilizindua mpango wa matibabu ya mbali ulioanza kwa kuunganisha Hospitali Kuu ya Kenyatta na ile ya Machakos. Elimu nayo haikuachwa nyuma. Mnamo 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi lilianzisha masomo kwa njia ya tarakilishi ili wauguzi wenye cheti wapate diploma bila kuacha kazi. Lengo lilikuwa kuwafikia wauguzi zaidi ya 20,000. Muuguzi anayekwenda chuoni kwa miaka miwili huiacha zahanati ikiwa na pengo. Anayesomea kazini huendelea kutibu.

Tatizo ni kwamba aghalabu ruzuku hulipia kifaa tu. Haigusi ada ya intaneti ya kila mwezi, betri ya sola inapochoka, fundi wa kurekebisha kilichoharibika, wala saa za daktari anayeketi upande wa pili. Hili la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Daktari bingwa mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni hawezi kuiacha ili azungumze na skrini, ikiwa saa hizo hazimo katika ratiba yake. Mtambo wenye umeme na intaneti lakini usio na daktari ni televisheni tu.

Wamarekani, ambao nao wana vijiji vilivyo mbali na hospitali kubwa, wanaweza kutufunza jambo. Wizara yao ya Kilimo ina mpango wa ruzuku ya matibabu na masomo ya mbali, uliotokana na sheria ya 1990. Fedha hizo ni za maeneo yenye watu wasiozidi 20,000, na kwa kawaida huwa za vifaa, wala si mishahara. Lakini anayeomba sharti atoe mchango wake usiopungua asilimia 15 ya ruzuku hiyo. Asiye na chake mezani hapewi.

Sisi tumezoea kupewa bila kuulizwa. Matokeo yake tuliyaona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya kigeni. Maelfu ya wahudumu wa afya humu nchini walijikuta bila kazi, na wagonjwa wakabaki na wasiwasi kuhusu dawa zao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Nini kifanywe? Kwanza, kaunti isipokee mtambo wowote kabla ya kutenga katika bajeti yake fedha za kuuendesha kwa muda usiopungua miaka mitano. Saa za madaktari zihesabiwe humo.

Pili, fedha za humu nchini zitumiwe. Kampuni za mawasiliano hutoa asilimia 0.5 ya mapato yao kwa hazina ya kufikisha huduma hizo kwa wote, inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Hazina hiyo ilifadhili mradi wa kuunganisha shule 884 za upili za umma na intaneti. Zahanati pia zinastahili, na pale shule na zahanati zinapopakana, waya mmoja unaweza kuzihudumia zote mbili.

Tatu, idadi ya mitambo iliyonunuliwa isiwe ndiyo kipimo cha ufanisi. Kila mwaka tuambiwe ni wagonjwa wangapi walioonwa, na ni wangapi waliookolewa na safari ya kwenda mjini.

Wahudumu wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023 walipangiwa kupewa simu za kazi. Kwa hivyo haja ya vifaa si kubwa kama ya awali. Kinachohitajika ni daktari wa kuipokea simu hiyo inapolia kutoka kijijini, na fedha za kuhakikisha italia tena mwakani. Wabunge wa kaunti waulizwe hayo wakati wa bajeti, wala si siku ya kukata utepe.