Kupe Wachunguzwe Kabla Ng'ombe Hawajaingia Zizini

Ndugu zetu wa Nachingwea na Ruangwa, wenye mifugo na msio nayo (maana nyama na maziwa twavitumia sote),

Mnamo mwaka 1901 ng'ombe waliosafirishwa kwa merikebu kutoka pwani hii ya Afrika Mashariki waliteremshwa Beira, wakaingizwa Rhodesia, na pamoja nao yakaingia maradhi ya kupe yaliyoteketeza makundi ya huko na ambayo baadaye yaliitwa homa ya Pwani ya Mashariki, nasi twayaita ndigana kali. Afrika Kusini iliyahangaikia takriban nusu karne. Leo zamu ya kupokea ni yetu. Wilaya zetu, zilizokuwa na mbung'o wengi na ng'ombe wachache, zimo katika mkoa wa Lindi ulioletewa makundi yaliyoondolewa Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007. Simlaumu mfugaji: aliondoshwa kwa amri, na hasara ya kwanza humwangukia yeye.

Wa kuhadhari naye zaidi ni kupe wa bluu wa Asia, Rhipicephalus microplus, ambaye amekwisha kuenea sehemu nyingi za Tanzania akimfukuza mwenzake wa asili ya Afrika, hueneza maradhi ya mkojo mwekundu yaliyo makali zaidi, na pengi duniani amezizoea dawa za josho. Hamshuki ng'ombe wake tangu akiwa mdogo kama chembe ya mchanga hata ashibe na kudondoka kutaga, kiasi cha majuma matatu, hivyo ng'ombe mmoja akipanda lori husafiri na kizazi kizima. Kwa macho matupu ni taabu kumbainisha. Ni hadubini inayoonyesha safu za meno yake, nane kwa huyu mgeni na sita kwa mwenyeji.

Basi mnyama akishushwa, kabla ya kuogeshwa, apapaswe masikioni, kwenye kiwele, kidevuni na chini ya mkia. Kupe wang'olewe taratibu kwa kibano, mdomo usikatike, kwani ndio unaosomwa. Watiwe katika kichupa cha spiriti pamoja na kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka, kikitaja kijiji, tarehe na alikotoka ng'ombe, na afisa mifugo akifikishe kwenye maabara ya veterinari Mtwara.

Maadamu mfugaji mmoja peke yake hawezi kuyasimamia haya, mikutano mikuu ya vijiji ijayo na iliweke jambo hili katika ajenda, kila kijiji kitenge zizi la karantini, na asiye na kibali cha kusafirisha mifugo asifunguliwe zizi.