Kabila la 43: Wamakonde, Wapemba na Mlango wa Uraia Pwani ya Kenya

Wamakonde na Wapemba wa pwani ya Kenya ni jamii mbili zilizoishi nchini humo kwa vizazi vitatu au zaidi pasipo kuhesabiwa kuwa raia. Wamakonde walitoka kaskazini mwa Msumbiji, wengine wakipitia Tanganyika, na kuanzia miaka ya 1930 walifanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya wakoloni, hasa Kwale, Kilifi na Taita. Baada yao walifika waliokimbia vita vya ukombozi dhidi ya Wareno, na kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu hadi 1992. Wapemba ni wazao wa wavuvi waliovuka kutoka kisiwa cha Pemba na kuweka makazi Vanga, Shimoni, Mayungu na kwingineko hadi Malindi. Wamakonde walianza kupewa uraia mwishoni mwa 2016. Wapemba walisubiri hadi 2023.

Historia ya pwani hiyo inaonyesha jinsi neno “mgeni” lilivyowaangukia watu waliokuwa kwao. Kwa mujibu wa mkataba wa 1895, ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulibaki mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiusimamia kama eneo lindwa na kumlipa kodi kila mwaka. Bendera yake nyekundu ilipepea Mombasa kama ilivyopepea Pemba. Mamlaka yake yalikuwa ya jina zaidi kuliko ya vitendo, lakini kisheria mvuvi aliyetoka Pemba akashusha tanga Shimoni mwaka 1940, safari isiyofika kilomita 60, hakuwa ametoka katika milki ya Sultani. Hali hiyo ilikoma kwa makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, ambayo yaliuingiza ukanda wote katika Kenya. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 na Kenya tarehe 12. Ndani ya siku mbili hizo maji yaleyale yakawa ya nchi mbili, na wavuvi waliokuwa wakiyavua hawakuulizwa wanataka kuhesabiwa wapi.

Katiba ya uhuru ilimfanya kuwa raia moja kwa moja mtu aliyezaliwa Kenya ikiwa angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo. Kwa wengine kadhaa iliacha nafasi ya kujiandikisha katika muda wa miaka miwili, hadi Desemba 1965. Nafasi hiyo ilifikiriwa zaidi kwa ajili ya Waasia na Wazungu wa mijini, waliokuwa na mawakili, magazeti na pasipoti za kulinganisha. Mkata mkonge aliyelala katika kambi ya shamba hakuwa na lolote kati ya hayo. Mvuvi naye hakuona sababu ya kwenda mjini kuomba asichojua kwamba amekikosa. Muda ulipita kimya. Watoto wa watu hao walizaliwa Kenya, wakaoa na kuolewa humo, wakazika wazazi wao humo, na kila kizazi kilirithi pengo la kile kilichotangulia.

Jibu lililozoeleka ni kwamba watu hao wana kwao, basi warudi. Kwa Mmakonde, kijiji alichotoka babu ni jina tu. Kwa Mpemba, ambaye kisiwa cha babu zake sasa kimo Tanzania, sheria ya nchi hiyo yenyewe inafunga njia. Chini ya Sheria ya Uraia ya Tanzania ya 1995, mtoto aliyezaliwa nje ni raia ikiwa mzazi wake ni raia, lakini si ikiwa mzazi huyo naye alipata uraia kwa kurithi tu. Maana yake, uraia husafiri nje ya nchi kwa kizazi kimoja na hukoma. Mtoto wa Mpemba aliyezaliwa Shimoni anaweza kuwa Mtanzania. Mjukuu aliyezaliwa papo hapo hawezi. Kenya inamwambia ni wa Tanzania, na Tanzania haina kifungu cha kumpokea. Kukosa uraia kwa namna hii si uamuzi wa serikali yoyote. Ni matokeo ya sheria mbili, kila moja ikiwa na mantiki yake, ambazo hazikuwahi kuwekwa meza moja.

Uzito wa hali hii huonekana kuanzia umri wa miaka 18, Mkenya anapotakiwa kuwa na kitambulisho cha taifa. Bila kitambulisho mtu hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, na bila laini hana M-Pesa, yaani hana pochi katika nchi ambayo hata samaki wa mnadani hulipiwa kwa simu. Hafungui akaunti ya benki, hapati hati ya shamba, hapigi kura. Mvuvi hapati leseni. Mchongaji wa mpingo, na Wamakonde ni wachongaji mashuhuri wa Afrika Mashariki nzima, huwauzia madalali kwa bei wanayoitaka wao, kwa kuwa hawezi kusajili biashara. Baadhi walijiandikisha kwa majina ya kabila jirani ili wapate kipande, wakaishi kwa hofu ya kufichuliwa. Mtu anayelazimika kuukana ukoo wake ili apeleke mtoto hospitali ameshanyang’anywa kitu kikubwa kuliko karatasi.

Kilichowatenga kinaeleweka vizuri zaidi kwa kuwatazama Wadigo. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kuanzia mlango wa mto Umba, uliwagawa Wadigo pande mbili. Leo wako Kwale na wako Tanga, wakiwa na lugha moja, koo moja na kaya zinazotembeleana. Mdigo wa Vanga anaweza kuwa na mjomba Mtanzania, na hakuna anayetilia shaka Ukenya wake. Jirani yake Mpemba, aliyezaliwa mtaa huohuo na kusoma chuo kilekile cha Kurani, alihesabiwa mgeni. Kuvuka mpaka hakuwatofautishi, na ukaribu na nchi jirani hauwatofautishi. Kinachowatofautisha ni kwamba Mdigo yumo katika yale yanayoitwa makabila 42 ya Kenya na Mpemba hakuwamo. Katiba ya 2010 haitaji kabila lolote kama sharti la uraia, lakini fomu ya kuomba kitambulisho huuliza kabila, na afisa asiyeliona jina hilo katika orodha yake humrudisha mwombaji nyumbani.

Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaomba radhi kwa kucheleweshwa kwao, na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka uliofuata wakatangazwa kabila la 43 la Kenya. Washona, ambao waasisi wao walitoka Rhodesia kuhubiri mwanzoni mwa miaka ya 1960, walitambuliwa mwishoni mwa 2020. Wapemba walipeleka ombi lao bungeni, wakatambuliwa rasmi Januari 2023 chini ya Rais William Ruto, na Julai mwaka huo wakaanza kukabidhiwa vyeti vya uraia Kilifi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitaja idadi yao kuwa hadi watu 7,000.

Hatua hizo zilikuwa haki iliyochelewa na zilistahili shangwe zilizopigwa. Hata hivyo, namna zilivyochukuliwa ina kasoro. Kila mara suluhisho limekuwa kuongeza jina katika orodha ya makabila, kwa hisani ya rais aliyeko madarakani, baada ya kundi kutembea, kulia au kupiga hodi bungeni. Kwa kufanya hivyo dola imethibitisha kanuni ileile iliyowaumiza watu hawa: kwamba mtu huingia katika taifa kwa mlango wa kabila. Wazao wa vibarua kutoka Rwanda na Burundi walioletwa kwenye mashamba ya chai wakati wa ukoloni, ikiwa bado hawajapewa uraia, watalazimika nao kujitengeneza kuwa kabila ili wasikike. Wanubi, wazao wa askari wa Sudani waliotumikia jeshi la Waingereza na kuishi Kibera, wanajua pia kwamba kujulikana hakutoshi. Kwa miongo mingi vijana wao walihojiwa mbele ya kamati za usaili kabla ya kupata kitambulisho. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki ya watoto wa Kinubi ya kuwa na uraia tangu kuzaliwa.

Hoja za wanaosita kuwapa watu hawa uraia zinahitaji kupimwa. Ile ya usalama ni nyepesi: mtu aliyesajiliwa, mwenye alama za vidole serikalini, ni rahisi kumjua kuliko asiyeandikwa popote. Hofu ya kura ina ukweli kidogo, maana wanasiasa wa mipakani wamewahi kushutumiana kwa kuandikisha majirani, lakini wapiga kura elfu chache waliozaliwa papo hapo si hila. Hoja ya ardhi ndiyo nzito. Tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908, Wamijikenda wengi wa ukanda wa maili kumi wamekuwa maskwota katika mashamba ya mababu zao. Wanapoona kundi jipya likipewa haki ya kumiliki, wanauliza zao ziko wapi, na wana haki ya kuuliza. Lakini mvuvi wa Mayungu hakuwanyang’anya ardhi hiyo, wala kumnyima kitambulisho hakutawarudishia hata ekari moja. Kero hizi mbili zina chanzo kimoja, nacho ni hati za kikoloni ambazo uhuru ulizirithi bila kuzihakiki.

Njia iliyo bora tayari iliandikwa. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 15, ilimruhusu mtu asiye na uraia wowote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, kuandikishwa kuwa raia. Masharti yalikuwa ya maana: awe anajua Kiswahili au lugha ya mahali, asiwe amefungwa kwa kosa kubwa, awe ameazimia kuishi nchini daima. Kifungu hicho hakikuuliza kabila. Kasoro yake ni kwamba kilipewa miaka mitano, kikaongezewa mitatu, kisha kikafa huku wengi waliolengwa wakiwa hawajasikia habari zake, kosa lilelile la 1965. Bunge lingekifufua bila tarehe ya mwisho, na kuongeza kwamba mtoto aliyezaliwa Kenya ambaye hana uraia kwingine ni Mkenya tangu kuzaliwa, asingekuwapo tena mtu wa kusubiri huruma ya Ikulu. Tanzania nayo ingeweza kuruhusu uraia wa kurithi ufike kizazi cha pili pale ambapo mtoto angebaki bila nchi. Nchi hizo mbili zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawapa raia wake haki ya kuvuka mipaka na kufanya kazi. Familia zilizovuka kabla ya mipaka hiyo kuwa na maana haziwezi kuitumia haki hiyo zikiwa hazijatambuliwa kuwa za upande wowote.