Nasaha kwa Wasomao Elimu ya Ubongo

Kijana aingiaye chuo kikuu kikubwa cha umma ili asome elimu ya ubongo hukuta ukumbi uliojaa mamia ya wenziwe, kitabu kizito kilichosheheni majina ya Kilatini, na mtihani uliokwisha kupangiwa siku. Na kwa kuwa hapana amwitaye kwa jina lake, aghalabu hudhani kwamba wajibu wake ni kuyahifadhi yaliyoandikwa, kuyarudisha kama alivyoyapokea, kisha kwenda zake na shahada. Dhana hiyo ndiyo nikusudiayo kuipinga, kwani elimu hii haikujengwa na wahifadhi, wala raia hawatoi kodi zao ili chuo kizalishe wahifadhi.

Kwa miaka mingi vitabu vilifundisha ya kwamba ubongo wa mwanadamu una seli za neva bilioni 100. Walimu waliisema hesabu hiyo, wanafunzi wakaiandika, nao walipokuwa walimu wakaisema vilevile. Lakini ukiuliza ni nani aliyezihesabu, na kwa njia gani, huonyeshwi mtu. Swali hilo lilimshughulisha Bibi Suzana Herculano-Houzel, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio de Janeiro, chuo cha umma kilichoasisiwa mwaka 1920, ambako makumi ya maelfu ya wanafunzi husoma bila ya kulipa ada. Ugumu ulikuwa kwamba seli hazikutawanyika sawasawa ndani ya ubongo: hapa zimesongamana, pale ni chache, basi mwenye kuhesabu kipande na kuzidisha huweza kupotoka mno.

Mwaka 2005 yeye na mwenziwe, Roberto Lent, walitangaza njia yao. Ubongo uliokwisha kukazwa kwa dawa hukatwa vipande, na kila kipande hutiwa katika bomba la kioo pamoja na maji yenye sabuni, kisha husagwa kwa mchi wa kioo mpaka kiwe kama mchuzi mwepesi. Sabuni huyeyusha utando wa seli lakini haiviyeyushi viini, na kila seli ina kiini kimoja. Mchuzi ukitikiswa viini huenea sawasawa, hutiwa rangi ing'aayo buluu chini ya darubini, na tone moja huwekwa juu ya kioo chenye mistari likahesabiwa. Rangi nyingine hubainisha vilivyo vya neva na visivyokuwa vya neva. Mwaka 2009, baada ya kuhesabu hivyo bongo za wanaume wanne, wao na wenzao walitoa jawabu: wastani wa bilioni 86.

Yamkini mtu akasema kwamba tofauti hiyo si kubwa. Nami namjibu kwamba faida haikuishia katika tarakimu. Njia hiyohiyo ilipotumika kwa ndovu wa Afrika, mwaka 2014, zilionekana seli za neva bilioni 257, mara tatu ya zetu. Lakini karibu zote, 98 katika kila 100, zimo katika ubongo mdogo ulio kisogoni, na gamba la ubongo wake, ijapokuwa lina uzito mara mbili ya letu, lina bilioni 5.6 tu, hali letu lina 16. Wale waliokuwa wakipima akili kwa ukubwa wa ubongo walilazimika kutafuta hoja nyingine.

Kwa hiyo, mwanangu, usingoje mwaka wa mwisho. Bisha hodi katika maabara, uombe hata kazi ya kuosha vyombo, maana wingi wa watu ukusahaulishao ukumbini ndio pia uletao chini ya paa moja tabibu, mkemia na mwanahesabu. Huko Berkeley, chuo cha umma cha Kalifornia, marehemu Profesa Marian Diamond alifundisha kumbi zilizojaa. Lakini huyohuyo, pamoja na wenziwe, alionyesha mwaka 1964 kwamba panya waliolelewa pamoja na wenzao na vitu vya kuchezea walikuwa na gamba la ubongo nene kuliko waliofungiwa peke yao.

Nasi huku Tanzania tuna maswali yetu. Katika miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliandika habari za watoto wa Mahenge, katika mkoa wa Morogoro, walioinamisha vichwa mara kwa mara na ambao hatimaye wengi wao walishikwa na kifafa. Maradhi hayo huonekana mahali penye usubi, ugonjwa wa minyoo ienezwayo na inzi weusi wa mitoni. Lakini ni kwa njia gani mnyoo akaaye ngozini huudhuru ubongo wa mtoto kiasi hicho, bado haijathibitika. Mwanafunzi wa Muhimbili, chuo kikuu cha umma cha tiba kilichoko Dar es Salaam, yu karibu na wazazi wa watoto hao kuliko mtafiti wa mbali, na lugha yao anaijua.